Kiko cha Barazani: Jinsi ya Kuchagua Kiko Kisichomchosha Mvutaji



Jioni, kazi za shamba zikiisha na jua likikaribia kuzama, wazee wa kijijini kwetu hukusanyika barazani. Mmoja husuka ukili, mwingine huchonga mpini wa jembe, na wawili watatu huvuta tumbako huku mazungumzo yakiendelea. Siku moja nalimkuta mzee mmoja amekaa mikono mitupu, naye kwa desturi hakosi kuwa na kiko chake. Nikamwambia, "Shikamoo, babu. Kiko ki wapi leo?" Akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," kisha akanyosha kidole kuelekea darini. "Kile pale."

Nikatazama, nikakiona kiko kipya, cheusi, king'aacho kama kiatu cha askari, kimechomekwa katikati ya makuti. Mwanawe alikuwa amemletea kutoka mjini, tena kwa fedha nyingi. Nikamwuliza sababu ya kukiweka huko. Akasema, "Kwa macho ni kizuri, sina la kukitia ila. Lakini chaniunguza ulimi, chaniumiza meno, na kila nikivuta kidogo chakoroma kama mtu mwenye kifua. Nimestahimili siku tatu. Sasa nakitazama tu."

Maneno ya mzee yule ndiyo yaliyonifanya nizungumze nanyi leo. Mwana alimpenda baba yake, akatoa fedha zake kwa moyo mweupe. Lakini alichagua kiko kwa jicho, na kiko hakivutwi kwa jicho. Basi tutazame jinsi kiko kinavyofanya kazi, ndipo tutakapoweza kujua ni kipi kimfaacho mtu apendaye kukaa na kuvuta polepole kwa muda mrefu. Na mwishoni nitasema neno moja zito juu ya moshi wenyewe, nalo nawaombeni msiliache njiani.

KIKO CHA MAJI NA KIKO KIKAVU

Tuanze na kiko cha zamani cha watu wa pwani. Kiko hicho kina sehemu nne. Juu kuna bori, yaani kibakuli cha udongo kitiwamo tumbako na moto. Kutoka katika bori hushuka digali, mrija uingiao ndani ya kifuu cha nazi au kibuyu kidogo chenye maji. Na chombo hicho cha maji ndicho kiko hasa. Kisha kuna mrija wa pili, uitwao mdakale, ambao huutoa moshi katika kifuu na kuupeleka mdomoni. Mtu avutapo, moshi hupita ndani ya maji kwa sauti ya kububujika, na sauti hiyo wazee huiita malio ya kiko.

Kwa nini wazee walitia maji? Kwa sababu moshi utokao katika bori ni wa moto, nao ukipita majini hupoa. Hiyo ndiyo siri yote ya raha ya kiko: kuupoza moshi kabla haujafika ulimini.

Kiko kikavu, kile cha kushika mkononi au kuuma kwa meno, hakina maji. Kina sehemu tatu tu: bori la kutilia tumbako, shingo ya kupitishia moshi, na mrija wa kutia mdomoni. Kwa kuwa maji hayapo, kazi ya kupoza lazima ifanywe na vitu vingine: unene wa bori, urefu wa njia ya moshi, ukavu wa tumbako, na uvumilivu wa mvutaji mwenyewe. Kimoja kikikosekana, ulimi hulipa deni.

SABABU YA ULIMI KUUNGUA

Wengi hudhani ulimi huungua kwa ukali wa tumbako peke yake. Mara nyingi mwenye kosa ni mvuke. Mpishi afunuaye sufuria ya wali kwa pupa huungua mkono, ingawa hakugusa moto wala sufuria. Mvuke ndio uliomwunguza. Hewa kavu yenye moto uleule isingalimwumiza hivyo.

Basi kila jani liwakalo hutoa maji, hata likiwa limekauka. Maji hayo hutoka kama mvuke, hufuatana na moshi, na yakifika mahali pa baridi katika shingo ya kiko hugeuka kuwa matone, kama matone yaonekanayo chini ya kifuniko cha sufuria. Matone yakijaa ndani ya tundu, moshi hupita kwa shida, nacho kiko huanza kukoroma. Mvutaji huona moshi haumfikii sawasawa, naye huvuta kwa nguvu zaidi. Akivuta kwa nguvu, moto huzidi. Moto ukizidi, mvuke huzidi. Mvuke ukizidi, ulimi huungua na shingo hujaa maji tena. Hivyo ndivyo alivyopatwa mzee wetu.

Kwa hiyo kiko cha kukaa nacho muda mrefu ni kile kiwezacho kuwaka kwa moto mdogo bila kuzimika, na kuupitisha moshi kwa wepesi bila kukusanya maji. Mengine yote, rangi na nakshi na kung'aa, ni mapambo.

VITU VIFANYIWAVYO VIKO

Udongo. Mwishoni mwa karne ya 16 Waingereza walianza kuvuta kwa viko vya udongo mweupe uliochomwa. Mabori yao ya kwanza yalikuwa madogo mno, kwa maana tumbako ilikuwa ghali. Bei iliposhuka, mabori yakakua. Hata leo wachimbuzi wa mambo ya kale wakiokota kipande cha kiko, hutazama ukubwa wa bori na wa tundu ili kukisia umri wake. Kiko cha udongo hakiongezi ladha yake katika tumbako, nalo ni jambo jema. Lakini bori lake hushika moto upesi hata halishikiki, tena kikianguka sakafuni huwa vigae. Ndiyo sababu watu walikifanyia mrija mrefu sana, wakakishika kwa shingo, wala hawakukivuta huku wakifanya kazi.

Gunzi. Katika nchi ya Marekani, mji wa Washington ulio katika jimbo la Missouri, viko hufanywa kwa magunzi ya mahindi. Kazi hiyo ilianza mwaka wa 1869 kwa fundi mmoja mwenye asili ya Uholanzi, jina lake Henry Tibbe, aliyekuwa mkereza mbao. Baadaye alibuni njia ya kuziba vishimo vya gunzi kwa plasta ili lisiungue upesi, na mwaka wa 1878 akapewa hati ya kumlinda katika ubunifu huo. Gunzi ni jepesi kuliko vyote, hunywa unyevu, na bei yake ni ndogo. Yeye ajifunzaye kujua ni umbo gani limfaalo hapotezi mali nyingi akianza nalo. Ila yake ni moja: halidumu. Baada ya muda chini ya bori huungua, na hapo hutupwa.

Jiwe jeupe. Kuna jiwe laini, jepesi, lenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Wajerumani waliliita kwa neno lenye maana ya "povu la bahari", na jina hilo likaenea duniani. Mashuhuri zaidi ni lile lichimbwalo karibu na mji wa Eskişehir katika nchi ya Uturuki. Mafundi hulichonga likiwa na unyevu, kisha hulipaka nta ya nyuki. Nalo kwa kuvutwa miaka mingi hugeuka rangi polepole kutoka nyeupe hata manjano, na mwisho hudhurungi. Jiwe hili hunywa maji ya moshi, na bori lake halichomi mkono upesi, kwa hiyo moshi wake ni mkavu na baridi.

Wala jiwe hili si geni kwetu. Limo katika bonde la Amboseli, mpakani mwa Kenya na Tanzania, upande wa Sinya. Katika miaka iliyofuata 1950 lilichimbwa, na viko vikafanywa Arusha na kupelekwa ng'ambo. Vingine viliuzwa huko kwa jina lililo letu hasa, yaani Kiko. Watu wa nchi za mbali, wasiojua neno jingine lolote la Kiswahili, walijifunza hilo moja. Jiwe la kwetu ni zito kidogo kuliko lile la Uturuki, na mara nyingi mafundi walilitia ndani ya bori la mti kama bitana ndani ya koti. Lakini liwe la Uturuki au la Sinya, kiko cha jiwe kikianguka juu ya mwamba hakina dawa.

Kibuyu. Katika Afrika ya Kusini wakulima hupanda vibuyu vya namna yake, na kibuyu kikiwa kichanga shingo yake huelekezwa ipinde kadiri kinavyokua. Kikikomaa hukaushwa, hukatwa, na juu yake huwekwa kikombe cha jiwe jeupe. Chini ya kikombe hubaki chumba kitupu, na moshi ukiingia humo hupanuka na kupoa kabla ya kupanda katika mrija. Mwanzoni mwa karne ya 20 viko hivyo vilipendwa sana Uingereza. Kwa moshi baridi havina mfano. Lakini ni vikubwa, vyataka mkono na kiti. Mtu hawezi kukiuma kwa meno huku anapalilia.

Mzizi. Viko vingi vya mti viuzwavyo madukani hutoka katika mti mdogo uitwao kwa elimu *Erica arborea*, uotao kandokando ya Bahari ya Kati, baina ya Ulaya na Afrika. Mti huo huo huota pia katika milima yetu mirefu, kama Kilimanjaro, juu ya msitu ambako baridi ni kali. Lakini viko hafanyi mtu kwa shina lake. Hufanywa kwa nundu lililo chini ya udongo, baina ya shina na mizizi. Nundu hilo ni gumu, na ndani yake kuna chembe za asili ya mchanga zilizofyonzwa kutoka ardhini. Kwa hiyo hustahimili moto kuliko mbao nyingine. Hukatwa vipande, vipande huchemshwa saa nyingi ili kuondoa utomvu, kisha hukaushwa miezi mingi. Mji wa Saint-Claude, katika milima ya Ufaransa, ulipata sifa kwa kazi hii tangu katikati ya karne ya 19. Kiko cha mzizi hakivunjiki upesi, hakina uzito mwingi, na kikitunzwa hudumu kuliko mwenyewe. Kwa mtu atakaye kimoja tu, hicho ndicho kilicho katikati ya yote.

UZITO NA UMBO

Mtu akishika jembe karibu na bamba, huliona jepesi. Akilishika kwa ncha ya mpini na kulinyosha mbele, mkono hutetemeka, ingawa jembe ni lile lile. Kiko nacho ni hivyo. Meno huuma ncha ya mrija, na uzito wote uko mbele kwenye bori. Kadiri bori lilivyo mbali na mdomo, ndivyo taya livyochoka upesi.

Kiko kilichonyoka, chenye mrija mrefu na bori kubwa, huvuta taya chini kama jembe lililonyoshwa. Kiko kilichopinda hushusha bori karibu na kidevu, na uzito wake huning'inia badala ya kuvuta mbele. Kwa hiyo mwenye kuvuta huku mikono yake inafanya kazi ya kusuka au kuchonga, yafaa achague kilichopinda, au kifupi na chepesi. Uzito wa wakia moja na nusu hausumbui meno ya watu wengi; kikipita wakia mbili na zaidi, hicho ni cha kushika kwa mkono. Lakini kilichonyoka nacho kina faida yake: tundu lake limenyoka, husafishwa kwa urahisi, wala maji hayapati bonde la kutuama. Kilichopinda sana hukusanya maji penye kona, nacho chataka kupitishiwa kijiti mara kwa mara.

Ndani ya bori, upana wa robo tatu za inchi na kina cha inchi moja na nusu hutosha kwa kikao kizuri. Likiwa jembamba sana, tumbako hukwisha kabla hadithi haijaisha. Likiwa pana sana, moto huhitaji kuvutwa kwa nguvu ili ushike uso wote. Kingo zake ziwe nene, zisipungue robo ya inchi. Kwa sababu unene ndio unaozuia moto usiufikie mkono.

Mrija nao usidharauliwe. Mirija mingi hufanywa kwa mpira mgumu, mingine kwa plastiki ngumu, na ya zamani kwa pembe. Mpira mgumu ni laini kwa meno, lakini ukiachwa juani hupoteza weusi wake na kupata ladha mbaya. Plastiki haibadiliki rangi, ila ni ngumu zaidi kinywani. Ncha iwe bapa na nyembamba. Ikiwa nene, kinywa hakifumbi vizuri, mate huingia, na koroma huanza.

MAJARIBIO MATANO DUKANI

Sasa tuseme u dukani, na kiko ki mkononi mwako, nawe hujatoa fedha. Usione haya kukichungua. Hata mnunuzi wa mbuzi hufungua kinywa chake akatazama meno.

Kwanza, tazama ndani ya bori. Tundu la moshi litokee chini kabisa, katikati. Likiwa juu, tumbako ya chini haiwaki kamwe. Hubaki chepechepe, na kila siku utatupa uliyoinunua.

Pili, pitisha kijiti cha chelewa kutoka ncha ya mrija hata kitokee katika bori. Kikipita bila kukwama, njia ni nzuri. Kikikwama, ujue maji nayo yatakwama papo hapo.

Tatu, ikiwa mwenye duka akubali, futa ncha kwa kitambaa safi, uvute hewa katika kiko kitupu. Hewa ije kwa wepesi na bila sauti. Ukisikia mluzi, tundu ni jembamba au halikuungana sawasawa penye kiungo.

Nne, kiume kwa meno muda wa dakika tano, ukizungumza na mwenye duka habari za mvua na mavuno. Dakika hizo tano zitakuambia zaidi ya maneno yake yote. Kama taya latafuta kupumzika, kiko hicho ni kizito kwako, hata kama ni chepesi kwa mwingine.

Tano, geuza kiko huku na huku penye mwanga. Rangi nzito ya kung'aa mara nyingine hufunika mashimo yaliyozibwa kwa gundi. Mzizi mzuri huonyesha mishipa yake. Vilevile bori lililopakwa rangi nene haliwezi kupumua, na moto wake hurudi mkononi. Nalikishusha kiko cha mzee wetu kutoka makutini, nikakijaribu: tundu lilikuwa juu ya chini ya bori kwa upana wa punje ya mtama, na kijiti cha chelewa kilikwama penye kona. Weusi ule wa kung'aa ulikuwa umeyaficha yote.

KUJAZA NA KUVUTA

Kiko chema katika mkono wa haraka hugeuka kuwa kibaya. Wavutaji wa Ulaya wana msemo kwamba bori hujazwa mara tatu: mara ya kwanza kwa mkono wa mtoto, ya pili kwa mkono wa mwanamke, na ya tatu kwa mkono wa mwanamume, maana yake, chini tumbako ishindiliwe kidogo sana, katikati zaidi, na juu kwa nguvu kidogo. Tumbako yenyewe isiwe mbichi. Ifinye kwa vidole: ikishikamana kama unga wa ugali, ianike kwanza, ikipukutika kama vumbi, imekauka mno.

Iwashe mara ya kwanza. Tumbako itavimba na kuinuka. Ibonyeze taratibu, uiwashe tena. Kisha vuta kama mtu anyonyaye uji wa moto katika kijiko, polepole, kwa kituo. Kiko kikizimika si aibu, kiwashe. Ni heri kuwasha mara tano kuliko kuunguza ulimi mara moja. Ukiweka bori juu ya shavu ukashindwa kulivumilia, liweke chini lipoe.

Kiko kipya cha mzizi kijazwe nusu tu kwa siku za kwanza, mpaka ndani yake pafanyike utando mwembamba wa masizi utakaoukinga mti. Utando huo usizidi unene wa shilingi. Ukizidi, hupanuka kwa moto na kulipasua bori. Kiko cha jiwe jeupe hakitaki utando, bali kifutwe ndani kila mara. Wala usiuchomoe mrija wakati kiko ki moto, maana shingo hupasuka. Baada ya kuvuta, pitisha kijiti chenye pamba, ukiache kipumzike siku nzima kikauke. Ndiyo sababu mtu mwenye viko viwili vya bei ndogo hupata raha kuliko mwenye kimoja cha bei kubwa.

Na majivu yasikung'utwe karibu na makuti wala majani makavu. Kaa dogo lililojificha ndani ya majivu laweza kukaa muda mrefu kabla ya kuwaka.

NENO ZITO

Sasa, ndugu zangu, nimefika kwenye neno nililowaahidi. Nimesema sana juu ya kuupoza moshi. Lakini kuupoza moshi si kuutakasa. Maji ya kiko cha kifuu, jiwe la Sinya, chumba cha kibuyu, vyote huondoa joto, haviondoi sumu. Kinachobaki majini ni kidogo, na kinachopita ni kingi, pamoja na hewa ile ya sumu itokayo katika mkaa.

Mwaka wa 1950 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitangaza uchunguzi wao ulioonyesha uhusiano wa kuvuta tumbako na saratani ya mapafu. Mwaka wa 1964 taarifa ya mganga mkuu wa serikali ya Marekani ilieleza kwamba kuvuta kiko husababisha saratani ya mdomo wa nje, pale mrija unapokaa. Tangu hapo imejulikana wazi kwamba wavutaji wa kiko hupata pia saratani ya kinywa, ya koo na ya mapafu, na maradhi ya moyo, kuliko watu wasiovuta. Mtu husema, "Mimi siumezi moshi." Ni kweli kwamba wengi wa kiko hawaumezi, lakini nikotini ya moshi wa kiko hupenya katika ngozi laini ya kinywa, nayo ndiyo imfungayo mtu asiweze kuacha.

Tena angalieni jambo hili. Kiko kibaya humwambia mtu ukweli: humwunguza, naye hukiweka darini. Kiko kizuri humnyamazia. Moshi baridi humfanya akae saa nzima badala ya robo saa, na madhara huongezeka kwa kadiri ya muda. Kwa hiyo yeye achaguaye kiko cha raha ajiwekee mpaka mwenyewe, maana ulimi wake hautamwekea tena.

Ninyi vijana mlio shuleni, nimewaeleza habari za mvuke, za jiwe la povu na za mzizi, kwa sababu ni elimu, nayo yafaa kujulikana. Lakini asiyeanza hana haja ya kuchagua. Kiko kimfaacho kijana ni kile kilichomo katika sanduku la vitu vya kale. Na wewe uvutaye, ukiweza kuacha, acha. Hakuna kiko kizuri kuliko hicho. Usipoweza leo, basi vuta nje penye upepo, si chumbani walimo watoto wachanga na mama mjamzito, kwa kuwa moshi uutoao wao huuvuta pia. Nawe ukiona kidonda mdomoni au juu ya ulimi kisichopona kwa wiki tatu, usingoje. Nenda hospitali kikatazamwe mapema.

Mkitaka kujua habari za mzee wetu, nitawaambia. Mwanawe alipokuja tena alipewa kijiti cha chelewa, akaelezwa kazi yake. Akarudi na kiko kidogo cha mzizi, kilichopinda, kisicho na rangi, cha bei ya nusu ya kile cha kwanza. Mzee alikishika, akakiuma, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Hiki sasa nakisahau kuwa ki kinywani." Nikamweleza maneno haya ya mwisho niliyowaeleza ninyi. Akafikiri, akamwita mjukuu wake mdogo aliyekuwa ameketi magotini pake, akamwambia aende kucheza na wenzake uani. Tangu siku ile huvuta bori moja tu, jioni, upande wa pepo kutoka kwa watoto. Na kile cheusi bado kipo makutini, hukionyesha kwa wageni.